Soksi za Einar Skogen

Kwa miaka kumi na minne nilikaa hatua mbili kutoka kwenye kiti cha Jaji Arlen Brekke, nikiandika kila neno lililomtoka. Mimi ni Marlys Odegaard, mwandishi wa mahakama ya Kaunti ya Kersey, Montana, yule mwanamke wa mashine ndogo ambaye hakuna anayemkumbuka mpaka apige chafya. Watu wakiniuliza jaji alikuwa mtu wa namna gani, huwaambia alikuwa mtu wa kukohoa mara mbili kabla ya kusema jambo gumu. Kikohozi hakiandikwi kwenye mwenendo wa shauri, lakini mimi nilikuwa nikikisikia natayarisha vidole.

Ninamshukuru, na nitasema kwa nini, ila lazima nianze na soksi.

Oktoba ya 1990 Arlen alikuwa wakili mwenye ofisi juu ya duka la vyakula vya mifugo, na wateja wa kuhesabika. Akajitia kugombea ubunge wa jimbo. Kwetu mgombea hatundiki picha tu akangoja, anakwenda ranchi kwa ranchi, na kutoka ranchi hadi ranchi ni maili sita, saba. Theluji ya kwanza ilimkuta kwenye njia ya akina Skogen, pikapu ikaserereka mtaroni, akatembea kwa miguu na viatu vya ofisini mpaka mlangoni kwao. Einar Skogen akaenda kuitoa pikapu kwa trekta. Mkewe, Verna, akamvua mgombea viatu, akampa soksi za sufu za Einar, akamkalisha karibu na jiko na kumpa kahawa.

"Kunywa," akamwambia. "Ila kura yangu usiitegemee. Mtu asiyejua kuendesha gari kwenye theluji atatuendeshea jimbo?"

Arlen alishinda kwa kura arobaini na moja, na Verna hakuacha kumkumbusha kwamba ya kwake haikuwemo.

Akawa mbunge miaka kumi na miwili. Bunge letu hukaa siku tisini tu, mara moja kila miaka miwili, majira ya baridi ng'ombe wakiwa hawana kazi kubwa. Siku zilizobaki mbunge ni mtu kama wewe, utamkuta kwenye foleni ya dizeli umseme utakavyo. Arlen hakuwa msemaji. Alikuwa mwandishi wa sheria, wa kukaa na muswada mpaka kahawa igande. Alipopewa uenyekiti wa kamati ya kilimo aliweka kanuni kwamba shahidi yeyote atasema dakika tatu, asizidi, kwa sababu kuna bwana mmoja alizungumzia magugu saa nzima. Kanuni ile ipo mpaka leo.

Sheria yake iliyopata sifa ni ya mwaka 1999, ya chapa za ng'ombe. Kwetu chapa, ile alama ya moto kwenye ngozi ya ng'ombe, ni jina la pili la familia, na kila baada ya miaka kumi lazima uiandikishe upya. Zamani ukichelewa, chapa yako ilisubiri miaka miwili kabla ya mtu mwingine kuruhusiwa kuichukua. Ikatokea genge la wezi likawa linatumia chapa hizo zilizolala kuuzia ng'ombe wa wizi. Wafugaji walikuja juu. Arlen akaandika sheria kavu: siku sitini, basi, zikipita, anayeomba kwanza anapewa, na hakuna mahakama itakayomrudishia mwenyewe. Wezi walikoma. Arlen alipigiwa makofi kwenye kila mnada, na mwaka 2002 tukamchagua kuwa jaji. Safari hii Verna alimpigia kura. Alisema angalau jaji hukaa kiti kimoja, haendeshi.

Siku yake ya kwanza nilimpelekea kurasa nilizoandika. Alikuwa amemkatiza mzee mmoja maneno, na mimi kwa wema wangu nilikuwa nimelainisha. Kuna majaji wanaopenda hivyo. Alikohoa mara mbili.

"Bi Marlys, hapa nilisema 'nyamaza kwanza.' Wewe umeandika 'naomba usubiri.'"

"Nimekusitiri, Mheshimiwa."

"Usinisitiri. Andika nilivyosema. Kesho nitasoma nione aibu, keshokutwa sitarudia."

Na kweli, kila Ijumaa jioni alisoma kurasa zake mwenyewe, akiangalia amewasemeshaje watu. Sijamwona jaji mwingine akifanya hivyo, na nimewaandikia watano.

Sasa nije kwenye shauri la Verna.

Einar alifariki Machi 2011, mwaka wa kuandikisha chapa. Chapa ya akina Skogen ilikuwa ngazi ya vidato vitatu iliyolala, ubavu wa kushoto, tangu babu yake Einar mwaka 1911. Verna alijaza fomu vizuri tu. Ila badala ya kuitia posta akafanya kama Einar alivyofanya maisha yake yote: akampa mkaguzi wa mifugo mkononi, aipeleke Helena, makao makuu ya jimbo, siku atakapokwenda. Mkaguzi yule alikuwa amestaafu majira ya baridi, na hakuwa na moyo wa kumwambia mjane kwamba haendi tena Helena. Alifikiri ataitia posta yeye. Akaichomeka kwenye kibao cha kuzuia jua ndani ya pikapu yake, na huko ikakaa. Msimwone mjinga Verna. Nusu ya kaunti hii ilikuwa inaandikisha chapa kwa mkono wa mtu, mimi nikiwemo.

Mwaka ukaisha, siku sitini zikapita. Bwana mmoja aitwaye Preston Gault, aliyenunua ranchi jirani na kuishi humo miezi mitatu kwa mwaka, alikuwa anatafuta chapa nzuri ya kuweka kwenye lango lake. Akaona ngazi haina mwenyewe. Akaomba, akapewa kihalali kabisa.

Verna akafungua shauri, na shauri likaangukia kwa Arlen.

Siku ya kwanza, kabla ya yote, jaji alikohoa mara mbili. Nikajua.

"Lazima niseme haya mbele ya pande zote," akasema. "Sheria inayobishaniwa niliiandika mimi. Na mwaka 1990 mdai alinipa kahawa, na soksi za marehemu mumewe. Soksi sikuzirudisha. Nilizivaa mpaka zikaisha. Nitafurahi kujitoa, shauri liende kwa jaji mwingine."

Hakuna aliyemtaka ajitoe. Wakili wa Gault, ambaye mteja wake alikuwa mbali na hakufika hata siku moja, alimtaka kwa sababu yeye ndiye aliyeiandika sheria. Verna alimtaka kwa sababu anamjua. Kila mmoja alidhani jaji ni wake.

Verna alitoa ushahidi akiwa na sweta la buluu na mkoba magotini. Wakili wake, binti mwerevu wa kutoka mjini, alimuuliza kwa nini asichague tu chapa nyingine.

"Nilishaambiwa hivyo," Verna akasema. "Nimeambiwa ng'ombe wangu wa zamani watabaki wangu, ni ndama wapya tu nitakaowapiga chapa nyingine. Sawa. Ndama nitawapiga. Lakini mume wangu je? Jiwe la kaburi lake lina ile ngazi. Nililichongesha Mei. Jumapili nilikwenda kusafisha majani, nikakaa pale najiuliza, Einar amelala chini ya chapa ya nani sasa? Niendeje kumwomba mtu ruhusa ya jiwe la mume wangu?"

Vidole vyangu havijawahi kusimama mahakamani, na siku hiyo havikusimama, lakini herufi nilikuwa sizioni.

Yule binti wakili akajaribu karata yake ya mwisho. Akasema, hakuna aliye hai ajuaye nia ya sheria hii kuliko Mheshimiwa mwenyewe, na nia ilikuwa kukamata wezi, si wajane. Ilikuwa hoja tamu. Nilitamani aishike. Chumba kizima tulitamani.

Hukumu aliisoma siku tisa baadaye, akimtazama Verna usoni.

"Tulioipitisha tulikuwa wabunge mia na hamsini," akasema. "Mimi nilikuwa mmoja. Nilichokuwa nacho kichwani wakati ule hakikupigiwa kura. Kilichopigiwa kura ni haya maandishi, na maandishi hayana shaka. Kama leo nitasoma humu kitu ambacho hakimo kwa sababu ni mimi niliyeandika, basi sijawa jaji bado, ningali mbunge aliyevaa joho. Chapa ni ya Bwana Gault." Akakohoa tena. "Naongeza jambo moja. Sheria hii niliiandika nikimfikiria mwizi. Sikumfikiria mjane. Kosa ni langu, si lake."

Verna akasimama. Askari wa mahakama alinyanyuka nusu, akakaa.

"We Arlen!"

"Naam, Verna."

"Zile soksi nirudishie!"

Kuna watu walicheka, na kuna waliolia, na wengine walifanya yote mawili. Verna akatoka na mkoba wake kwapani. Jaji alibaki amekaa, masikio mekundu. Nikamsogelea.

"Mheshimiwa, hili la soksi si sehemu ya shauri. Nilikate? Na lile la 'kosa ni langu,' wakubwa huko juu wakilisoma..."

"Ulikuwa umezima mashine?"

"Hapana."

"Basi liache. Tumesema, limesemwa."

Nilimkasirikia, sitaficha. Niliwaza, mtu gani huyu, anakaa na kalamu mkononi, anashindwa kumsaidia bibi mmoja? Wiki nzima nilimpa salamu za mkato tu. Kahawa yake, tangu siku hiyo, alijitengenezea mwenyewe, tena mbaya.

Aliusubiri muda wa rufaa upite, kisha akaomba ruhusa ya wanaosimamia maadili ya majaji, na Januari 2013, bunge lilipofunguliwa, akachukua siku mbili za likizo yake kwenda Helena. Nilipojua anakwenda kufanya nini nilimpigia simu Verna.

"Anakwenda kuomba sheria yake ibadilishwe," nikamwambia. "Miaka miwili irudi kama zamani, ila chapa iliyolala isiuzie ng'ombe."

"Itanirudishia chapa?"

"Nimeusoma muswada. Hauwezi kurudi nyuma. Ni kwa watakaokuja."

Nikasikia maji ya bomba yanamwagika jikoni kwake.

"Gari lako lina matairi ya theluji?" akauliza.

Tulikwenda mwendo wa saa nne na nusu, Verna akinifundisha kuendesha njia nzima. Tulimkuta jaji kwenye chumba kilekile cha kamati alichokuwa akikiongoza, ila sasa amekaa kwenye viti vya nyuma na kofia magotini, anangoja zamu kama watu wengine. Mwenyekiti wa kamati alikuwa mtu aliyemshinda Arlen kwa hoja mara mbili na kushindwa mara kumi, na alikuwa amengojea siku hii kwa hamu.

"Shahidi atajitambulisha," akasema. "Na ana dakika tatu. Nadhani kanuni anaifahamu."

Watu wakacheka. Arlen akajitambulisha kwa jina na kijiji, bila ujaji. Mtu huyu aliyeandika sheria sitini alikuwa hana hata karatasi mkononi. Akaeleza wizi wa zamani, akaeleza siku sitini, akaeleza fomu iliyokaa kwenye pikapu. Akafika mahali pa kaburi. "Kuna mama mmoja kwetu," akasema, kisha akakohoa mara mbili, na kukohoa kule kukamlia dakika. Nyundo ikalia.

"Muda umekwisha, Jaji."

Akainamisha kichwa na kurudi kitini. Hakuomba kuongezewa.

"Yupo mwingine?" mwenyekiti akauliza.

Verna alikuwa ameshafika katikati ya chumba.

"Verna Skogen, Kersey. Mimi ndiye huyo mama mmoja. Sihitaji dakika tatu." Akaweka picha ya jiwe la kaburi mezani. "Muswada huu haunisaidii kitu, nimeambiwa. Nimekuja kwa sababu huyu bwana ametumia muda wake wote kunieleza mimi, na hakuwaambia kwamba angeweza kunipa ile chapa siku ile, na hakuna mtu kwetu angemlaumu. Hakunipa. Nilimchukia mwezi mzima. Halafu nikafikiri, siku nikiwa mimi ndiye mwenye haki na mwenzangu ndiye rafiki yake, ningetaka jaji wa namna gani? Basi. Rekebisheni, nirudi nyumbani, ng'ombe wananisubiri."

Muswada ulipita bila kura hata moja ya kupinga. Mimi nilikuwa nimejifuta machozi kwa glavu, na Jumatatu yake nikamtengenezea jaji kahawa.

Mei ikaja, siku ya kupiga ndama chapa kwa akina Skogen. Siku hiyo kila jirani huenda bila kuitwa sana. Jaji alikuwa amekwenda miaka yote, lakini safari hii hakujua kama aende. Verna alimaliza utata kwa simu: "Mahakamani umenipokonya ngazi. Hapa njoo ushike miguu ya ndama." Alikuja na suruali ya kazi na magoti yake mabovu. Motoni kulikuwa na chuma kipya, herufi V yenye mstari chini, chapa aliyopewa Verna, mbaya kweli kweli. Alikuwa anaiangalia kama mtu anayeangalia sahani ya chakula asichokitaka.

Ndama wa kwanza alikuwa bado hajaangushwa, pikapu safi mno ikaingia uani. Akashuka Bwana Gault, buti mpya, na bahasha.

"Mama Skogen," akasema, akivua kofia. "Niliagiza mwenendo wa shauri langu, nisome majira ya baridi. Nimesoma wote, kurasa mia moja na kumi na mbili. Wakili wangu aliniambia tumeshinda tu. Hakuna aliyeniambia habari za kaburi." Akawa anazungusha kofia mikononi. "Na lile la jaji kusema kosa ni lake. Mimi sijawahi kusikia mtu mkubwa akisema hivyo, tena kwenye maandishi. Nikaona, kama yeye ameweza, mimi nina lango tu. Hii hapa karatasi ya kukuhamishia chapa. Inahitaji sahihi yangu ishuhudiwe."

Mhuri wa kushuhudia sahihi ninao mimi, na hutembea nao mkobani popote niendapo, hata kwenye ndama. Alitia sahihi juu ya kifuniko cha injini ya pikapu yake, nikagonga mhuri. Verna alimshika Gault shavu kwa mkono wenye masizi, akamwachia doa jeusi. Mtu mmoja akakimbilia ghalani kuleta chuma cha zamani cha ngazi.

Nikasikia kikohozi. Mara mbili.

"Verna," jaji akasema, ameshika kofia. "Chapa haihami mpaka iandikwe Helena. Leo bado si yako. Huwezi kuitumia."

"Arlen Brekke!"

"Najua. Lakini ndivyo ilivyo."

Watu ishirini wameacha kazi zao, maharage yamechemka, pai zimekatwa, moto unawaka. Verna akamtazama, akautazama moto, akaanza kucheka mpaka akashika nguzo ya uzio.

"Haya, jamani, kuleni. Ndama watasubiri. Njooni tena karatasi ikirudi."

Gault, kwa wema tu, akasema kuna rafiki yake anakwenda Helena Alhamisi, angeweza kuichukua mkononi.

"Posta!" tukapiga kelele uwanja mzima.

Siku kumi na mbili baadaye tulirudi wote, na Gault pia, akakaa juu ya ndama wa kwanza. Ngazi ikakaa mahali pake, ubavu wa kushoto.

Majira ya baridi yaliyofuata Verna alifuma soksi, sufu ya kijivu, na ngazi nyeupe ya vidato vitatu juu ya kila kifundo. Akazileta mahakamani. Jaji akazishika, akazigeuza, akazirudisha.

"Siwezi kupokea zawadi, Verna. Ningali jaji."

"Mpaka lini?"

"Desemba ya 2016."

"Nitakuwa na miaka themanini na minne, mwendawazimu wee!"

Akazirudisha mkobani.

Ijumaa ya mwisho ya Desemba 2016 tulimuaga jaji kwa keki na hotuba. Mimi nilitakiwa niseme neno, nikashindwa. Mtu aliyezoea kuandika ya wengine hana ya kwake. Ningesema hivi: Asante kwa kutonikubalia nikusitiri. Kurasa mia moja na kumi na mbili zilifanya kazi ambayo hukumu haikuweza, na ni kwa sababu ulikataa nikate mstari. Nimeandika maelfu ya kurasa maishani, na zile ninajivunia kuliko mtoto anavyojivunia jino lake la kwanza.

Saa kumi na moja jioni alivua joho, akanikabidhi, akatoka nje na kofia yake. Verna alikuwa kwenye ngazi za mbele za mahakama, katika theluji, na mkongojo wake. Hakuwa ameingia ndani. Alikuwa anatazama saa ya mnara.

"Imepita dakika moja," akasema. "Wewe si kitu tena. Kaa chini."

Arlen akakaa kwenye ngazi za mahakama, mbele ya karani, mawakili na askari, akavua viatu vya ofisini. Verna akatoa soksi mkobani, miaka mitatu zimemngoja. Mzee akavaa ya kwanza, akavaa ya pili, machozi yanamtiririka wala hayafuti.

Verna akainama kwa shida, akambinya kisigino kwa kidole gumba, kama afanyavyo mama akimpimisha mtoto viatu dukani.

"Zimezidi kidogo," akasema. "Nilifuma kwa kipimo cha Einar."